Kuchuja dawa ya wadudu ndani ya nyumba: Mnunuzi analipia nini?

SOKO la hewa safi limefika Mwenge. Mashine za kusafisha hewa ya ndani sasa zinapangwa dukani kando ya feni na pasi, na muuzaji akiulizwa zinafanya kazi gani hujibu kwa kifupi kwamba zinaondoa kila kitu: vumbi, moshi, harufu, vijidudu na dawa. Neno hilo la mwisho ndilo ambalo safu hii imeona vema kulipima, kwa sababu mkazi wa Mwenge anaishi na dawa ya wadudu mwaka mzima na ni rahisi kushawishika kutoa fedha nyingi kwa ajili yake.

Tuanze na upande wa mahitaji. Bonde la Mto Mlalakuwa na mitaro iliyoziba huzaa mbu kila mvua zinaponyesha. Vyumba vya kupanga vilivyobanana hupokezana kunguni, na mende hupanda kutoka kwenye makaro. Hivyo kila jioni kuna biashara. Kopo la dawa ya kupuliza linanunuliwa dukani kwa Mangi, dawa ya mbu ya kuchoma inauzwa kwa pakiti, machinga anapita na kipaza sauti akitaja kunguni, mende, viroboto na panya kama mpiga debe anayetaja vituo vya daladala, na mwenye nyumba mwenye uwezo humwita mpiga dawa na bomba lake la mgongoni. Yote hayo huishia katika hewa ya chumba kimoja. Halafu anakuja mfanyabiashara wa pili na mashine ya kuitoa. Kwa hesabu ya kawaida, mlaji analipa mara mbili: mara ya kwanza kuingiza, mara ya pili kutoa, na malipo ya pili ndiyo makubwa.

Kama malipo hayo ya pili yanafaa au hayafai, hilo linategemea dawa yenyewe ikoje. Nyingine hukaa hewani kama matone madogo au moshi. Nyingine hugeuka mvuke, yaani hewa halisi isiyo na chembe ya kushikika. Na nyingi, pengine nyingi zaidi, hazikai hewani kwa muda mrefu. Hutua sakafuni, ukutani, kwenye godoro na pazia, zikashikana na vumbi. Mashine husafisha hewa inayopita ndani yake tu. Haitembei kwenda kwenye godoro.

Chujio linalotajwa sana katika matangazo ni lile liitwalo HEPA. Ni karatasi ya nyuzi nyembamba iliyokunjwa kunjwa, na kiwango chake kinachotambulika Marekani ni kukamata asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikromita 0.3. Unywele wa binadamu una upana wa maikromita kama 70, kwa hiyo sifa hiyo ni ya kweli na si ya kubeza. Kwa nyumba inayochoma dawa ya mbu kila usiku, chujio hili lina kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Environmental Health Perspectives ulipima moshi wa dawa hizo za mviringo na kuona kwamba kuchoma moja hadi iishe hutoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Msomaji na arudie namba hizo. Mzazi ambaye hawezi kumruhusu mgeni avute sigara moja chumbani kwa mtoto anawasha pakiti kadhaa na kufunga mlango, tena kwa nia njema kabisa. Kiua mbu chenyewe ndani ya dawa hiyo kwa kawaida hakifiki hata asilimia moja ya uzito wake. Kinachobaki ni unga wa mbao na viungo vingine vya kushikamanisha, navyo ndivyo vinavyotoa moshi mwingi.

Hata hivyo, utafiti huo huo ulipima pia gesi ya fomaldehaidi na kukuta dawa moja ikitoa kiasi cha sigara zipatazo 51. Gesi hiyo hupita katikati ya nyuzi za HEPA kama maji yanavyopita kwenye chandarua. Ndivyo ilivyo pia kwa mvuke wa dawa yoyote ya wadudu. Mtu aliyenunua mashine yenye HEPA peke yake kwa ajili ya harufu ya dawa ya kunguni amenunua kifaa kizuri kwa kazi nyingine.

Kinachokamata mvuke ni mkaa maalumu wa viwandani, uitwao kaboni amilifu. Hutengenezwa kwa kuchoma vifuu vya nazi, mbao au makaa ya mawe, kisha kuvipitishia mvuke wa maji katika joto la nyuzi 800 na zaidi mpaka mkaa utobolewe na vishimo visivyoonekana kwa macho. Gramu moja ya mkaa wa namna hiyo huwa na eneo la ndani la mita za mraba 500 hadi zaidi ya 1,000, maana yake gramu kumi au zaidi kidogo hutosha kutandaza uwanja mzima wa mpira. Molekuli za dawa hunasa humo. Mkaa wa kupikia wa gunia haujatobolewa hivyo, na wale wanaoweka vipande vya mkaa kwenye beseni chini ya kitanda baada ya kupuliza dawa wanapata faraja zaidi kuliko faida.

Hapa ndipo mnunuzi anatakiwa awe makini na lebo. Mashine nyingi ndogo huandikwa kuwa zina kaboni, kumbe kilichomo ni kitambaa chembamba kilichonyunyiziwa unga mweusi, gramu chache tu. Kaboni ni ghala. Ghala likijaa, shehena mpya haiingii, na joto likipanda mzigo uliokwisha kuhifadhiwa unaweza kuanza kutoka tena. Unyevu wa Dar es Salaam nao hugombea nafasi hiyo hiyo. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni uzito: kuna gramu ngapi za kaboni, na chujio la kubadilisha linapatikana wapi na kwa bei gani? Akisita kwa la kwanza, ni dalili. Akisita kwa la pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa mashine isiyo na chujio la akiba baada ya miezi michache hubaki kuwa feni ya bei kubwa.

Tuingie kwenye gharama za kuendesha. Chumba cha mita tatu kwa nne chenye kimo cha mita tatu kina mita za ujazo 36. Ili hewa yake ipite kwenye chujio mara tano kwa saa, mashine iwe na uwezo wa kusukuma mita za ujazo 180 kwa saa. Tuseme inatumia wati 50 na inawaka mchana na usiku: ni uniti 1.2 kwa siku, uniti 36 kwa mwezi. Kwa viwango vilivyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa TANESCO wa kundi la D1 alilipa shilingi 100 kwa kila uniti katika 75 za kwanza na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi. Chukua familia iliyokuwa ikitumia uniti 60 kwa shilingi 6,000. Ikiongeza mashine inafika uniti 96, na ankara inakuwa shilingi 14,850 kabla ya kodi na tozo. Uniti zimeongezeka kwa zaidi ya nusu, lakini fedha imeongezeka kwa zaidi ya mara mbili. Mfano huu ni wa viwango vya mwaka huo. Anayetaka hesabu ya leo aangalie risiti yake ya LUKU na azidishe mwenyewe.

Na hesabu hiyo inadhani madirisha yamefungwa. Nani Mwenge anafunga madirisha mwezi wa Januari bila kiyoyozi? Nyumba zetu zimejengwa zipitishe upepo, na dirisha lililo wazi pande mbili linaweza kubadilisha hewa ya chumba mara kumi au zaidi kwa saa bila uniti hata moja. Mashine ikiwashwa katika chumba hicho itakuwa inachuja hewa ya Barabara ya Sam Nujoma, kazi ambayo haina mwisho na haimhusu mwenye chumba.

Sasa tuje kwenye ile dawa iliyotua. Mwaka 1998 jarida lile lile la Environmental Health Perspectives lilichapisha kazi ya watafiti wa Marekani waliopuliza klopirifosi ndani ya nyumba, wakasubiri muda ulioelekezwa kabla ya watu kurudi, halafu wakaingiza vitu vya kuchezea watoto. Vitu hivyo havikuwepo dawa ilipopulizwa. Hata hivyo viliendelea kujikusanyia dawa kwa muda wa wiki mbili, hasa midoli ya kitambaa na plastiki, kwa sababu dawa ilikuwa ikinyanyuka polepole kutoka sehemu ilikotua na kutafuta pa kukaa. Hiyo ndiyo tabia ya dawa nyingi za ndani. Kilichomo hewani saa yoyote ni chenji tu. Mtaji uko sakafuni, kwenye godoro na kwenye vumbi la chini ya kabati. Ukichuja hewa, sakafu inatoa nyingine. Na mtoto anayetambaa haihitaji hewa imletee, anaifuata mwenyewe kwa mikono na magoti.

Klopirifosi ina historia ambayo mfanyabiashara yeyote wa pembejeo anapaswa kuijua. Kampuni ya Dow ilianza kuiuza mwaka 1965. Mwaka 2000 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikubaliana na watengenezaji matumizi karibu yote ya nyumbani yakomeshwe, na kufikia mwisho wa 2001 ikaondoka kwenye rafu za maduka ya huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York waliokuwa wakiipima katika damu ya kitovu cha watoto wachanga waliona kiwango kimeshuka sana kwa waliozaliwa baada ya hatua hiyo. Katika miji yetu dawa hii iliendelea kununuliwa kwa ajili ya mchwa na mashamba. Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania imo tangu 2004, zilikubaliana kuiweka katika orodha ya kemikali za kuondolewa, pamoja na misamaha kadhaa ya muda. Mwenye nyumba anayeambiwa na fundi kwamba msingi utapigwa "dawa ya mchwa" aulize jina kabla mchanganyiko haujaingia kwenye bomba.

Jamii nyingine, ambayo majina yake huishia kwa "-thrini" kama pemethrini na sipamethrini, ina asili ya karibu zaidi na kwetu. Ni nakala ya kiwandani ya sumu iliyomo katika ua la pareto, zao linalolimwa Nyanda za Juu Kusini na kusindikwa Mafinga. Pareto ya asili huharibika upesi ikipigwa na jua, jambo zuri kwa mlaji na baya kwa mkulima anayetaka dawa idumu. Mwaka 1973 Mwingereza Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted walitangaza pemethrini, iliyoundwa makusudi istahimili mwanga. Shambani hiyo ni sifa. Ndani ya chumba kisichoingiwa na jua, ina maana dawa inaweza kukaa katika vumbi kwa miezi. Haina mvuke mwingi, hivyo kaboni haina cha kukamata. HEPA itachukua vumbi linaloruka tu. Kinachoiondoa ni tambara bichi na ndoo ya maji ya sabuni, yaani kudeki, kwa sharti kwamba usifagie kwanza kwa ufagio mkavu ukairusha vumbi hewani.

Zipo dawa ambazo hazihitaji mjadala wa chujio hata kidogo. Vidonge vya kuhifadhia nafaka, ambavyo kiini chake ni aluminiamu fosfaidi, vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini. Vimetengenezwa kwa ajili ya ghala lililofungwa, lisilo na mtu. Kunguni wanaposumbua, wapo wanaovinunua na kuviweka chini ya kitanda, wakafunga chumba na kwenda kulala chumba cha pili. Gesi hiyo hupita kwenye nyufa, juu ya kuta zisizofika darini na kwenye matundu ya nyaya. Haina dawa mahususi ya kuizima ikishaingia mwilini. Huko Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi wanapanga vyumba katika majengo ya ghorofa, vimeandikwa vifo vya watoto waliokuwa wamelala nyumba ya jirani ya ile iliyowekewa vidonge. HEPA haikamati fosfini, na kaboni ya kawaida ya mashine ya nyumbani si kitu cha kuwekea dhamana maisha ya mtu. Kama vidonge hivyo vimewekwa ndani, toka nje na watu wote, pamoja na majirani wa ukuta mmoja, na mwenye kichefuchefu, kifua kubana au kizunguzungu apelekwe hospitali akitajiwa daktari jina la dawa.

Tatizo la jina linaturudisha kwa machinga. Dawa inayouzwa katika chupa ya maji ya kunywa haina jina, haina kipimo na haina mtu wa kulaumiwa. Watafiti wa Kitanzania, akiwamo Profesa Aiwerasia Ngowi wa Muhimbili, walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa wauzaji wa viuatilifu katika miji kadhaa nchini, nao walikuta desturi ya kumimina dawa kutoka vyombo vikubwa na kuiuza upya kwa vipimo vidogo. Kibiashara inaeleweka, kwani mteja ana shilingi mia chache na lita moja ni ya mwenye shamba. Lakini dawa ya shambani huchanganywa kwa ajili ya pamba au nyanya, na nguvu yake haikupimwa kwa chumba cha mita tatu kwa nne.

Kuhusu bidhaa nyingine zinazonadiwa kwa jina la usafi wa hewa, neno moja moja linatosha. Mashine za kutoa ozoni ziepukwe: ozoni yenyewe hudhuru mapafu, na jimbo la California limezuia tangu 2010 kuuzwa kwa vifaa vya nyumbani vinavyoitoa kupita kiwango. Maua ya chungu, ambayo wauza miche wa kandokando ya barabara zetu huyasifu, yalipata jina kutokana na jaribio la shirika la NASA la mwaka 1989 lililofanywa ndani ya sanduku lililofungwa. Mapitio ya mwaka 2019 yalipiga hesabu upya na kuona kwamba ili kushindana na dirisha lililo wazi, chumba kingehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Nunua ua kwa sababu ni zuri.

Je, fedha iende wapi? Kwa maoni ya safu hii, shilingi ya kwanza iende kwa fundi wa madirisha. Wavu wa dirishani na dari iliyozibwa vizuri huzuia mbu bila kuongeza chochote hewani, na wakazi wa jiji hili wamekuwa wakivigharimia wenyewe kwa miaka mingi, kama ulivyoonyesha utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2009 katika Malaria Journal. Ya pili ni chandarua chenye dawa, ambacho sumu yake imo ndani ya uzi au imeshikamana nao, tofauti na ile inayopulizwa chumba kizima. Kisha kuna viluwiluwi. Mpango wa kudhibiti malaria mjini ulioanza Dar es Salaam mwaka 2004 ulitumia bakteria wanaoua viluwiluwi ndani ya madimbwi katika kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke, na kiwanda cha kutengeneza dawa ya namna hiyo kilizinduliwa Kibaha mwaka 2015. Dawa inayokaa kwenye dimbwi haiingii sebuleni.

Wenye mgonjwa wa pumu, au wanaoishi chumba chenye kiyoyozi ambacho lazima kifungwe, wana sababu ya kununua mashine. Wachague yenye HEPA na kaboni ya uzito unaotajwa kwa gramu, inayolingana na ujazo wa chumba, na wahesabu bei ya machujio ya mwaka mzima kabla ya kutoa fedha ya mashine. Waiwashe baada ya kudeki, si badala yake.

Na pale ambapo kupiga dawa hakuepukiki, mpiga dawa aonyeshe leseni na kopo lenye lebo na namba ya usajili. Kazi hiyo ya usajili ilikuwa ya TPRI ya Arusha, na tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iko chini ya mamlaka mpya, TPHPA. Vyombo vya chakula, nguo za mtoto na midoli vitoke nje kabla ya bomba kuingia. Baada ya muda ulioandikwa kwenye lebo, fungua madirisha na milango ya pande zote mbili, weka feni ikitazama nje, na uoshe sakafu na meza kwa maji ya sabuni. Magodoro yaanikwe juani, na kopo lenyewe litunzwe mpaka wiki ipite, kwa sababu mtu akiugua, swali la kwanza la daktari litakuwa mlitumia dawa gani.